Ufunguo wa Majina Kumi na Tisa

Tsakwalis, 9 Novemba 1912

Filimbi za roho zililia msituni jana mchana, upande wa mto, na leo hakuna mtu hapa anayeitwa kwa jina lake la kiangazi. Tumeyaweka chini yote mpaka roho za msimu wa baridi ziondoke. Atakayeteleza ulimi atatozwa faini mbele ya nyumba nzima na kuchekwa juu yake. Mkuu wetu sasa ni Moshi-Mrefu. Jirani yangu mlafi ni Shibe-Haiji. Hata humu daftarini sitawaandika vinginevyo. Mimi nabaki Hester kwa Wazungu tu.

Nimefungua daftari hili kwa sababu sina amani. Siku tatu zilizopita nilituma kifurushi kwa Profesa Hallgren, kule mashariki kwenye makumbusho yake. Huu ni mwaka wa kumi na moja tunafanya kazi pamoja. Shangazi anasimulia, mimi naandika kwa lugha yetu na chini yake kwa Kiingereza, Profesa anarudisha maswali, Shangazi anayacheka, mimi naandika upya. Safari hii nilimwandikia karamu ya Oktoba, ile ambamo Moshi-Mrefu alimwinua mjukuu wake kushika nafasi ya kaka yake aliyefariki. Nani alicheza ngoma ipi, kwa haki gani, amevaa kinyago cha nani. Serikali inaita hayo jinai: miezi miwili jela, ikizidi sita. Sheria hiyo nimeitukana gazetini mara tisa, kwa jina langu kamili.

Profesa aliomba jambo moja zaidi. Majina ya msimu wa baridi yanamchanganya, nimpe ufunguo. Nikampa. Watu kumi na tisa, kila mmoja mstari wake: jina la baridi, jina la kiangazi, jina la kanisani.

Kwa nini nilifanya hivyo? Kwa sababu Padre Gidley aliandika kwamba ngoma zetu ni vurugu za walevi, na nilitaka kumjibu kwa kitabu kizima ambacho ndani yake hakuna hata mtu mmoja wa kubuni. Nikajiambia kwamba kuandika si kutamka.

Nilipomwambia Shangazi, alikuwa anachambua gome la mwerezi. Hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo mdomo umehamia mkononi," alisema.

14 Novemba

Mvua. Meli haikuja.

17 Novemba

Mvua. Shangazi amenisimulia jinsi ya kumpokea mchezaji anayerudi kutoka msituni akiwa bado na wazimu wa roho. Kurasa sita. Hakuna mtu mwingine aliyebaki anayeijua sehemu ya mwisho.

21 Novemba

Meli imekuja na kuondoka na zile kurasa sita kwenda kwa Profesa, nakala pekee. Hakuna barua. Nilikutana na Shibe-Haiji gatini, anabeba samaki wa kukaushwa wa watu wengine huku akitafuna.

"Mama, mbona unaitazama meli kama imekuibia mume?"

"Mume wangu alikufa, mwanaharamu we."

"Ndiyo maana nauliza."

Nilicheka. Huyu ni mstari wa saba katika ufunguo.

3 Desemba

Barua imekuja.

Profesa anashukuru sana. Anasema hajawahi kupata maelezo kamili namna hii kutoka popote duniani. Halafu, ukurasa wa pili, kwa mwandiko wake uliotulia kama wa mtoto mwema: ameona uchungu wangu juu ya sheria ile, akaamua kusaidia. Amepiga chapa nakala ya karamu yote, pamoja na ufunguo, akampelekea Wakala wa serikali katika wilaya yetu. Anaamini mtu yeyote muungwana akisoma na kuona utaratibu na heshima iliyomo, ataona aibu kuwashtaki watu kama hawa. Majina ameyaacha makusudi. Ukweli usioficha kitu, anasema, ndio unaoshawishi.

Ni maneno yangu mwenyewe. Nilimwandikia hivyo mwaka juzi.

Nimesoma vitabu vingi kuliko Padre na Wakala wakijumlishwa. Sikusoma popote kwamba mtu mwema anaweza kukuua kwa adabu.

Nakala ya Wakala imekuja kwa meli hii hii. Pengine katika mfuko mmoja na barua yangu.

4 Desemba

Nimemwambia Shangazi. Aliacha maji ya chai yakauke jikoni.

"Waambie," alisema.

"Wataniua."

"Zamani, ndiyo. Siku hizi watu wamelegea." Akakohoa. "Waambie, mwanangu. Anayemwona dubu ndiye anayepiga kelele."

"Dubu nimemleta mimi, Shangazi."

"Basi piga kelele zaidi."

5 Desemba

Sijasema.

6 Desemba

Sijasema. Mvua imegeuka theluji ya maji. Nilimwona mjukuu wa Moshi-Mrefu akipasua kuni, akiimba wimbo aliopewa Oktoba. Ana miaka kumi na tisa. Mstari wa pili.

7 Desemba

Sijasema.

9 Desemba

Motaboti ilionekana kwenye mlango wa bahari, ikapita. Nilijikuta nimejibanza nyuma ya ghala la samaki na viatu vimejaa tope. Mimi, niliyemwambia Askofu usoni kwamba hajui Biblia yake!

Kila ninayemsalimu naona mstari wake. Sioni tena sura. Mstari wa nne ana maziwa ya kunyonyesha. Mstari wa kumi na moja hawezi kupanda ngazi bila kushikwa mkono. Kule jela wananyoa nywele na kuwalaza watu kwenye saruji. Mwaka juzi walimrudisha mzee wa kijiji cha jirani akiwa kwenye sanduku.

12 Desemba

Wakala Pruett amekuja. Alibisha hodi kama mgeni, akapangusa viatu, akakaa kwenye kiti cha marehemu mume wangu. Konstebo alibaki mlangoni.

"Bi Hester, nimefurahia sana kusoma kazi yako. Nilikuwa sijui kuwa una kipaji."

"Umesoma gazetini mara tisa."

"Ile ilikuwa kelele. Hii ni kazi." Akatoa karatasi zilizopigwa chapa, akazipanga mezani, akaweka kidole. "Huyu Shibe-Haiji. Ananichekesha. Ndiye yule wa ghalani, sivyo?"

Nilitazama kidole chake.

"Shida yangu ni ndogo," aliendelea. "Karatasi hii imepigwa chapa na Profesa, ambaye hakuwepo. Mahakama haiwezi kuifunga karatasi. Nahitaji aliyekuwepo aape kwamba ni kweli. Ukiapa, wewe hutashtakiwa. Na vinyago wakivisalimisha kwa hiari, huenda nikawa mpole kwa wazee."

"Na nikinyamaza?"

"Utakaa mahabusu mpaka uchoke. Wakati huo nitamwita Profesa wako aje na maandishi yenyewe, kwa mwandiko wako. Atakuja mbio. Si amesema hapa, anataka sana kusaidia?"

Na hakimu ni nani? Yeye mwenyewe. Katika wilaya hii Wakala ndiye anayeshtaki na ndiye anayehukumu. Niliwahi kuandika makala juu ya hilo, kali sana. Leo sikukumbuka hata sentensi moja.

Aliacha hati ya kuitwa shahidi juu ya meza. Tarehe 19 Januari.

13 Desemba

Nimesema.

Nilikwenda nyumba kubwa saa nne asubuhi, wakiwa wamekusanyika kula kabla ya mazoezi ya ngoma. Shangazi alikuja nami akitembelea fimbo mbili. Nilisimama upande wa mlango, mahali pa mtu asiye na haki ya kusema, nikasema kila kitu. Kifurushi. Ufunguo. Profesa. Wakala na kidole chake.

Moshi-Mrefu alikuwa amekaa nyuma ya moto, blanketi begani. Hakunikatiza.

"Ana majina gani?" aliuliza.

"Yote, Mkuu."

"Yote ni mengi. Taja."

Nilidhani hanielewi. "Mkuu, ni ya kiangazi. Siwezi kuyataja wakati huu."

"Umekwisha kuyataja kwa mtu aliye ng'ambo ya milima. Watu wangu hawatapelekwa jela kwa kubahatisha. Kila mmoja ajue kama yumo. Taja."

Nikataja. Sijawahi kufanya jambo gumu kama hilo. Kwetu, ukimwita mtu jina la kiangazi wakati roho ziko kijijini, ni kama umemvuta kutoka mikononi mwao, na hakuna anayejua kama zitamrudisha mzima majira ya kuchipua. Kila jina lilipotoka, mwenyewe aliinamisha kichwa. Mstari wa nne alimfunika mwanawe masikio. Nilipofika wa kumi na moja, yule bibi alisema kwa sauti ya kawaida, "Niko hapa," kama anaitwa kula, na hapo ndipo nilipokwama. Shangazi alinipiga fimbo mguuni. Nikamaliza.

Shibe-Haiji alisimama. Safari hii hakuwa na kitu mdomoni.

"Mimi nilikuita mama," alisema. "Kumbe ulikuwa unanipima kama samaki. Huyu hajala, huyu ameshiba, huyu mstari wa saba. Kwani sisi ni nini kwako? Wino?"

"Nilitaka msisahaulike."

"Jela hawatatusahau, usijali!"

Wengine walicheka, kicheko kibaya. Mtu alisema nitupwe majini. Mwingine alisema maji ni safi, yasichafuliwe.

Moshi-Mrefu aliinua mkono. "Ukiapa ni kweli, tumefungwa. Ukinyamaza, Profesa atakuja, tumefungwa. Kuna njia ya tatu?"

Hapo Shangazi akakaa chini, bila kuombwa, akaweka fimbo mapajani.

"Ipo," alisema. "Aseme alidanganya."

Nilimgeukia. "Shangazi!"

"Useme karamu haikuwepo. Ulikuwa unatunga. Mzungu anapenda hadithi, ukampikia."

"Miaka kumi na moja sijaandika uongo hata mstari mmoja! Nikiapa nimedanganya karamu hii, nimedanganya yote. Nyimbo zako, sala za mwerezi, namna ya kumpokea mchezaji. Nani atasoma kitabu cha mwongo?"

"Hakuna," alisema Shangazi. "Najua. Ni maneno yangu, si yako. Nakwambia uyatupe."

Mwanamke wa miaka themanini na mbili aliyesimulia maisha yake yote, akiyatupa kama mtu anayemwaga maji machafu. Miaka yote nimekuwa nikimwona kama kisima changu. Nilikuwa sijawahi kumwona kama mpiganaji.

Nikasema nitafanya hivyo.

"Na huyo Profesa?" aliuliza Moshi-Mrefu. "Akija na kusema wewe si mwongo?"

Nikasema nitamwandikia.

14 Desemba

Nimemwandikia Profesa. Barua inayopita gatini hufunguliwa, kwa hiyo binamu wa Moshi-Mrefu ameipeleka kwa mtumbwi hadi kiwanda cha samaki, mwendo wa siku mbili, ikapande meli nyingine. Haina salamu. Nimeandika hivi: "Tarehe 19 Januari nitaapa kwamba nilikudanganya katika kila ukurasa. Watakuuliza. Watu kumi na tisa watafungwa au hawatafungwa kwa jibu lako."

Sikumweleza zaidi. Mara ya mwisho alipoeleweshwa vizuri ndipo haya yalipotokea.

20 Desemba

Meli. Hakuna barua.

25 Desemba

Padre Gidley amehubiri juu ya ulimi. Alinitazama muda wote. Sikusikia neno, nilikuwa nahesabu siku.

2 Januari 1913

Upepo wa kusini-mashariki, siku ya nne. Meli haikuja. Mtumbwi wa barua ulirudi salama, lakini hakuna anayejua kama barua ilifika. Kitabu cha Profesa kiko kwa mpiga chapa. Aliniambia mwenyewe Septemba. Ni kazi yake ya maisha. Akiniita mwongo, anakifunga kitabu hicho kwa mkono wake. Kwa nini afanye hivyo? Kwa watu aliowaona viangazi viwili tu, akiwa na mwavuli na kamusi?

Mimi ningefanya? Kabla ya Desemba, hapana.

9 Januari

Meli. Hakuna barua.

10 Januari

Shibe-Haiji alileta samaki, akawaweka mlangoni, akaondoka. Wote wazima, hawajatafunwa.

16 Januari

Meli. Hakuna barua. Shangazi anakohoa damu kidogo. Anasema ni ufizi.

19 Januari, mahabusu, kituo cha Wakala

Wamenipa kalamu kwa sababu konstebo anadhani naandika sala.

Chumba cha mahakama kilinuka makoti mabichi. Wote kumi na tisa waliletwa kwa motaboti ya serikali, wakapangwa ukutani. Pruett alisoma mashtaka, kisha akahama kiti kimoja kuwa hakimu. Niliapa juu ya Biblia.

"Bi Hester, haya uliyaandika wewe?"

"Ndiyo."

"Ni kweli?"

"Hapana."

Alitabasamu kidogo, kama mtu aliyesikia vibaya. "Unasema?"

"Nilitunga, Bwana Wakala. Karamu haikuwepo. Profesa ananitumia zawadi kila Krismasi, na akikosa kitu kipya husikitika. Basi nikamtungia. Nilichukua majina ya majirani kwa sababu sikuwa na mengine."

"Na miaka yote kumi na moja?"

Nilimwona Shangazi kwenye benchi la nyuma. Alikuwa anafunga ushungi wake.

"Yote," nilisema. "Nyimbo nilizitunga nikiosha vyombo. Sala nilizichanganya na za kanisani. Huyu shangazi yangu hajui kitu. Ni mzee, hata jina lake hakumbuki."

Mtu alicheka ukutani. Alikuwa Shibe-Haiji, akafunika mdomo. Padre Gidley alikuwa anaandika haraka haraka.

Pruett hakukasirika. Ndicho kilichoniogopesha.

"Mimi si mtaalamu," alisema. "Tumuulize mtaalamu." Akaagiza telegramu ipelekwe kwa Profesa papo hapo: je, maelezo ya Bi Hester ni ya kuaminika, na je, yuko tayari kuja na maandishi yenyewe kuthibitisha? Kesi iahirishwe hadi jibu lifike. Akisema ndiyo, kumi na tisa watatumikia kifungo, na mimi kwa kuapa uongo nitakaa miaka.

Hakuna dirisha humu. Nasikia mvua tu.

20 Januari

Hakuna jibu.

21 Januari

Hakuna jibu. Wanawake wako seli ya pili. Bibi wa mstari wa kumi na moja anawafundisha wengine fumbo la zamani na kuwazomea wakikosa. Sauti yake inazidi kupungua.

22 Januari

Hakuna jibu. Namjua mtu huyu. Nimesoma barua zake mia moja na zaidi. Akipata swali hulala nalo, kisha husema ukweli, kwa sababu hajui kusema kitu kingine. Hata mimi nilimpenda kwa hilo. Atasema ndiyo. Ataandika kwa adabu kwamba Bi Hester ana hofu ya kueleweka, lakini kazi yake haina mfano. Naiona sentensi yenyewe.

24 Januari

Tuliitwa saa tatu asubuhi. Pruett alisoma karatasi kimya, akaisoma tena, akampa karani aisome kwa sauti, kama mtu asiyetaka maneno yale yapite mdomoni mwake.

"Mwanamke huyu ni mwongo, nimejua tangu Desemba. Hakuna ukurasa wake ninaouamini. Nimewaomba wapiga chapa waondoe kitabu. Maandishi yake yote nimeyachoma. Sina cha kuleta. Hallgren."

Kisha Moshi-Mrefu, aliyesimama ukutani tangu tulipoingia, akaomba kukaa. Akapewa kiti.

Kesi imefutwa. Mimi nimepewa siku kumi kwa kuipotezea mahakama muda, na siku tano nimekwisha kuzikaa.

30 Januari, Tsakwalis

Nimerudi. Wote kumi na tisa wako majumbani. Bibi wa mstari wa kumi na moja ana homa, lakini analala kwenye kitanda chake, karibu na moto wake.

Gazeti limefika na meli. Padre ameandika safu nzima: Hester wa Tsakwalis, mwandishi maarufu wa barua za hasira, amekiri chini ya kiapo kuwa ni mtungaji. Makala zangu tisa zimetajwa moja moja. Shibe-Haiji aliisikiliza nikisoma, akakunja uso.

"Utamjibu lini?"

"Simjibu."

"Wewe?"

"Nikijibu, mmerudi ukutani."

Alikaa chini, mikono katikati ya magoti. Kisha akauliza kile ambacho nimekuwa nikikiepuka tangu siku ile. "Mama, yule mtu alichoma kweli? Au alisema tu?"

Sijui. Kama alisema tu, kurasa elfu nne zimefichwa kwenye droo fulani, na siku moja mtu atazifungua. Kama alichoma, basi alichoma, kwa sababu hajui kudanganya na alitaka neno lake liwe kweli kabla ya kulituma. Mtu niliyemwita mpumbavu ndiye anayeweza kufanya hivyo. Nimekaa na barua zake zote mapajani, na zote zinasema anaweza.

Siwezi kumuuliza. Barua ya kuuliza ikifunguliwa gatini, ni ushahidi. Mwaka huu siwezi, mwakani siwezi, wala Pruett akihamishwa, kwa sababu atakuja mwingine. Na yeye, kama ana akili ile ile aliyoipata wiki iliyopita, hataniandikia tena maisha.

Asubuhi hii Shangazi alinisikia nikivuta meza karibu na kitanda chake. Nilimwomba tuandike upya, aanze na ile sehemu ya mwisho, ya kumpokea mchezaji kutoka msituni. Alifungua mdomo, akaanza vizuri, mistari minne, mitano. Kisha akasimama, akanitazama, akatafuta.

"Ngoja," alisema. "Iko hapa hapa."

Nimengoja mpaka adhuhuri. Amelala. Natazama kifua chake kikipanda na kushuka.